Viatu vya Wifi

Siku hiyo mvua ilianza kabla watu hawajaamka, na Mama Hamira ndiye aliyeisikia wa kwanza. Alikuwa amelala juu ya kitanda cha mbao katika kibanda cha pili cha Njia Ndefu, shanta lake kichwani badala ya mto, wifi yake akikoroma kitanda cha pili. Matone yalianza kugonga bati moja moja, kisha yakaacha kuhesabika. Mtu mwingine angevuta blanketi hadi masikioni. Yeye aliketi, akanyoosha vidole vya miguu, akasema kwa sauti ya kumwamsha mtu bila kukiri kwamba anamwamsha, "Haya, kumekucha."

"Kumekucha wapi?" wifi yake alijibu kutoka chini ya blanketi. "Jogoo gani huyu asiyejua kuna mvua?"

"Mvua kitu gani? Kwani sisi chumvi, tuyeyuke?"

"Wewe labda siyo. Mimi nilianza kuyeyuka tangu juzi."

"Ukishayavulia maji nguo, sharti uyaoge. Amka, wifi."

Jina la Mama Hamira alipewa na mtaa. Alikuwa mwoka mikate, hilo moja. La pili, walisema wenye midomo yao, popote anapoingia mambo huumuka. Hakuchukia. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyokanda unga tangu ujana, na alijua mambo mengi kwa uhakika. Alijua mvua itakatika lini, ndoa gani itadumu, mtoto wa nani ana homa na wa nani anajisingizia kukwepa shule. Mara nyingi alipatia, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, maana mtu anayepatia mara nyingi husahau kwamba kuna siku ya kukosea.

Kazi aliianza akiwa msichana, akibeba trei za mikate kichwani kwa ajili ya mama mmoja mwenye duka. Mama yule alipozeeka alimwachia tanuri, tanuri kuukuu la matofali lililopasuka ubavuni, na Mama Hamira akalikandika, akaliwasha, na hakuliacha lipoe tena. Watoto wake walijifunza kutembea wakishikilia magunia ya unga. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza ya kukandia huku, tanuri kule, rafu za kupoozea mikate katikati. Mtu angezijumlisha hatua alizopiga mle ndani, pengine angekuta ameizunguka dunia, lakini zote zilikuwa kati ya meza na tanuri.

Sasa, Njia Ndefu ilianzia mwisho wa mtaa wake, kwenye jiwe lililopakwa rangi ya njano. Kutoka hapo ilipanda milima, ikashuka mabonde, na kuishia kwenye ziwa lililo upande wa pili, safari ya karibu wiki mbili kwa mtu asiyekimbizwa. Wasafiri wa miguu walipita dukani kwake alfajiri, mashanta mgongoni, wakanunua mikate ikiwa bado inafuka mvuke, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia huko mwisho kuna nini, kwa sababu anayefika ziwani hurudi kwao kwa basi, kwa barabara nyingine kabisa. Mama Hamira alikuwa amewalisha watu wa njia ile karibu maisha yake yote, na hakujua mikate yake inafika wapi. Hilo lilimkera. Hakumwambia mtu, lakini lilimkera kwa miaka mingi.

Mwaka huo alimkabidhi binti yake duka. Kukabidhi kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu. Kila alfajiri alikuwa kule kule, akiminya, akionja, akisema, "Huu unga umeudhulumu maji." Mwishowe binti alifuta mikono kwenye aproni, akamshika mama yake mabega kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, nenda popote unapotaka duniani. Ila siyo hapa."

Jioni ile ile, mezani, Mama Hamira alitangaza. Kuomba hakukuwa katika mazoea yake; yeye alikuwa mtu wa kutangaza.

"Mimi na wifi tunakwenda Njia Ndefu. Viatu vyake nimeshanunua."

Wifi mwenyewe alikuwa na kijiko njiani kuelekea mdomoni. Huyu alikuwa dada wa mume wake, mstaafu wa posta, mrefu, mwembamba, aliyefanya kazi maisha yake yote akiwa ameketi nyuma ya kidirisha akigonga mihuri. Baada ya kustaafu alihamia kwa kaka yake, na tangu hapo wanawake hao wawili waligawana jiko moja kwa vita vya chini chini: huyu anaongeza chumvi, yule anaongeza maji. Hawakuwa maadui. Walikuwa mawifi, na hilo ni jambo lenye sheria zake.

"Nani kakwambia nataka kutembea?" aliuliza.

"Utapenda."

Angekataa, na haki ya kukataa alikuwa nayo. Lakini kaka yake alicheka hadi akakohoa. "Dada yangu mimi, atembee! Kibanda cha tatu kuna gari linalopandisha vyakula. Atarudi nalo, ameketi mbele, amefunga mkanda." Wifi akaweka kijiko chini. Alikwenda kwa hasira, kama watu wengi wanavyoanza mambo makubwa.

Hicho kibanda cha tatu ndicho kilichomkosesha Mama Hamira usingizi. Kilikuwa cha mwisho kufikiwa na gari. Zaidi ya hapo njia iliingia milimani penyewe, na watunza njia walikuwa na sharti moja wasilolegeza: hakuna mtu kupita pale peke yake. Mnapita wawili au hampiti. Wifi akipanda gari, Mama Hamira naye amepanda, na ziwa ataendelea kulisikia midomoni mwa watu. Na wifi, kila jioni akivua soksi, alikuwa analitaja lile gari kwa upendo unaozidi kukua.

Ndiyo maana jioni iliyotangulia ile mvua, walipofika kibanda cha pili wametota miguu kwa kupita kwenye majani yenye maji, Mama Hamira aliamua kumlainisha wifi. Kibandani palikuwa na jiko la chuma la kuni, na ubavuni mwake kitanuri kidogo chenye mlango. Wifi alipokwenda kunawa, yeye akaingiza mkono mle ndani, akautuliza kama alivyofanya maisha yake yote, na mkono ukamwambia kwamba hapa mikate ya kukausha ingekauka vizuri bila kuungua. Kama mikate inakauka, viatu vitashindwaje? Kitanuri kilitosha jozi moja tu. Buti zake mwenyewe, zile kuukuu za ngozi alizovalia kazini, akazitundika msumarini. Vile vipya vya wifi akavitia ndani, akafunga mlango, akaenda kulala na moyo mweupe.

Asubuhi vilitoka vikavu, vyenye uvuguvugu. Wifi alivivaa, akafumba macho.

"Leo umenifaa," alisema. "Nimeishi na wewe miaka yote hii, leo ndiyo umenifaa."

Maneno hayo yalimvimbisha Mama Hamira kuliko sifa zozote za mikate. Alitoka mvuani akiimba.

Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, na udongo mwekundu ukilowa hauna rafiki. Walipanda ngazi za mizizi, wakateremka kwa makalio pale ambapo miguu iligoma. Koti la mvua la Mama Hamira, ambalo aliyeliuza aliapa kwamba hata samaki angekauka ndani yake, lilianza kuvuja kwenye mshono wa bega. Maji yakatafuta njia, yakapita kwapani, yakateremka ubavuni, yakafika kiunoni yakatulia humo kama yamepanga chumba. Shanta nalo lilikunywa mvua na kuongezeka uzito kila walipopumzika. Ukungu ulishuka hadi ikabidi watafute alama za njano kwa kukaribia mawe na kuyachungulia moja moja. Kwenye mteremko mmoja wifi alikaa chini bila kupenda, akateleza mpaka mwisho, akasimama, akatazama nyuma alikotoka.

"Angalau sehemu hiyo sikutembea," alisema.

Mapaja yalimwaka Mama Hamira, magoti yalilalamika, lakini moyo wake ulikuwa juu. Hakuna aliyekuwa akimsubiri, hakuna mkate uliokuwa ukiungua. Kila kona aliyoikata ilikuwa kona ambayo hajawahi kuiona, na hilo peke yake lilimtosha.

"Mlima huu mfupi," alimwambia wifi walipoanza kupanda tena. "Tunafika juu sasa hivi."

"Unaona nini na ukungu huu?"

"Sioni. Najua."

"Umewahi kufika?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza tupande."

Mlima haukuwa mfupi. Karibu na kilele chake ndipo kiatu cha kulia cha wifi kilipoanza kuzungumza. Chap, chap, chap. Soli ilikuwa imeachama mbele kama mtu anayepiga miayo, na kila hatua ilichota tope. Waliketi juu ya jiwe wakaifunga kwa kamba. Hawajaenda mbali, cha kushoto nacho kikafungua mdomo. Kisha soli ya kwanza ikakwama yote kwenye tope, kiatu kikaendelea na safari bila yake, na wifi akajikuta anakanyaga dunia kwa soksi.

"Yule muuza viatu!" alipiga kelele, mvua ikimwingia mdomoni. "Yule mwizi! Nikirudi nitakwenda kusimama mlangoni pake na takataka hizi mkononi, wateja wake wote wazione. Atanitambua!"

Mama Hamira aliichomoa soli topeni, akaifuta kwa kidole gumba. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Gundi ilikuwa imeyeyuka, ikatiririka hadi ukingoni, ikaganda tena kwa vitone vyekundu kama vya sukari iliyoungua. Vitone vya namna hiyo alikuwa ameviona mara nyingi chini ya trei za wasaidizi wake, na kila mara aliwaambia neno moja tu: tanuri lako lina moto mno. Mkono wake, mkono ulioaminiwa na mtaa mzima, ulikuwa umemponza. Au tuseme mkono haukuwa na kosa. Ulijua mikate, na viatu si mikate.

Na kulikuwa na baya zaidi. Yule muuza viatu, ambaye alikuwa mteja wake wa kila siku na mtu mnyofu, alimwambia siku ile akifunga boksi: "Mama, soli za hivi ni za gundi. Usiviweke karibu na moto." Naye alijibu jibu lake la siku zote. Alisema, "Najua."

Mbele kidogo palikuwa na mwamba uliotokeza mfano wa paa. Walijibanza chini yake. Wifi alivua kiatu kilichobaki na soli, akakitazama, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imetulia, jambo lililomtisha Mama Hamira kuliko zile kelele.

"Sasa basi. Nitajikokota hadi kibandani, na kesho gari. Hakuna mtu anayepanda milima bila viatu, na kaka yangu acheke hadi apasuke."

"Hapana, hapana. Vaa zangu." Mama Hamira alikuwa ameshaanza kufungua kamba za buti. "Miguu yangu ni mipana, zitakupwaya kidogo, utavaa soksi mbili. Mimi nina kandambili zangu za kibandani. Miguu yangu imezoea sakafu ya moto, tope si kitu."

"Sivai."

"Vaa, wifi."

"Sivai, nimesema! Nikuvue viatu wewe, utembee na kandambili mlima huu, kwa dhambi ya muuza viatu? Nina roho gani mimi? Utachanika. Vaa buti zako, mimi nitakwenda hivi hivi, polepole."

Ilikuwa huruma ya kweli, na ilimchoma Mama Hamira kuliko tusi. Alikata mkate uliolowa, akampa wifi kipande, akajipa muda wa kutafuna. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi na mbaya. Akisema, wifi atakasirika, na kesho ni gari. Asiposema, wifi atafika kibandani na nyayo zimechubuka, na kesho ni gari vile vile. Tofauti ilikuwa moja tu: ni nyayo za nani zitakazochubuka, na ni jina la nani litakalochafuliwa mlangoni pa duka. Kunyamaza kulimvutia, tusimsingizie utakatifu. Aliutafuna ule mkate mpaka ukaisha ladha.

"Si muuza viatu," alisema. "Ni mimi. Niliviweka jikoni jana usiku."

"Karibu na jiko?"

"Ndani. Ndani ya kitanuri. Nikafunga mlango."

Wifi aliacha kutafuna. "Uliviona viatu vyangu, ukavioka."

"Nilivikausha."

"Ulivioka," wifi alirudia polepole, akilipa kila neno nafasi yake, "kama mikate."

"Na yeye aliniambia nisiviweke karibu na moto. Nikamjibu najua."

Kuna watu ambao wangecheka hapo, na siku nyingine huenda wifi angekuwa mmoja wao. Lakini alikuwa amelowa mno. Alinyoosha mkono. "Lete hizo buti."

Alizivaa juu ya soksi mbili, akavuta kamba kwa nguvu, na huku akizifunga alisema bila kuinua uso.

"Nimekaa katika nyumba ile miaka yote hii, hujawahi kuniuliza kitu. Mapazia ya chumba changu ulibadilisha nikiwa sokoni. Safari hii ulinipangia kijiko kikiwa kinakaribia mdomo. Hata kunikaushia viatu. Ungeuliza tu, 'Wifi, niviweke jikoni?' Ningekwambia hapana, kwa sababu mimi nilisoma maandishi yaliyo ndani ya boksi." Akasimama, akachukua fimbo yake. "Twende."

Mama Hamira alichana kile kitambaa alichofungia mikate, akazifunga kandambili miguuni kwa vipande vyake, akamfuata. Mvua haikupungua, iliongeza bidii. Wifi alikwenda mbele kwa hatua ndefu ambazo hakuwa nazo asubuhi, mgongo wake umenyooka, hakugeuka. Mkanda wa kandambili ulianza kumla Mama Hamira kati ya vidole. Mawe madogo yaliingia chini ya nyayo, yakatoka, yakaingia mengine. Malengelenge yalitokea kisigino cha kushoto, yakapasuka, na maji baridi yakaingia humo kila hatua mpaka akazoea kama anavyozoea mtu kelele za jirani. Hakulalamika. Angemlalamikia nani?

Badala yake alifikiri, kazi ambayo kwa kawaida hakuipa nafasi. Alijaribu kukumbuka siku hata moja aliyowahi kumuuliza wifi jambo. Alitafuta mwaka baada ya mwaka. Akapata moja: aliwahi kumuuliza kama amezima taa. Ilimuuma. Alikuwa akijiona mtu mkarimu, mwenye kuwafanyia watu mambo kabla hawajaomba, na sasa aliona kwamba yule wa mbele yake alikuwa ameishi kwa ukarimu huo kama mgeni anayepakuliwa chakula bila kuulizwa kama ana njaa.

Kabla ya kibanda cha tatu palikuwa na kijito. Siku za jua mtu huvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Siku hiyo mawe yalikuwa yamefunikwa, maji ya kahawia yakipita juu yake kwa haraka, na mahali pa kukanyaga palijulikana tu kwa jinsi maji yalivyovimba. Wifi aliingia. Alipapasa kwa fimbo, akakanyaga, akapapasa tena. Katikati ya kijito alisimama. Hakugeuka. Alinyoosha tu fimbo nyuma yake, akangoja.

Mama Hamira akaishika ncha yake, akaingia. Jiwe la kwanza salama, la pili salama, la tatu kandambili ikateleza, na mwoka mikate mzima akakaa ndani ya maji hadi kifuani. Baridi ilimkata pumzi. Kandambili ikafunguka, ikaondoka na mkondo kwa furaha. Maji yale huenda ziwani, kwa hiyo pengine kandambili ingefika kabla ya mwenyewe. Aliona shanta linamvuta upande, akajua kwamba hawezi kusimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa hasa. Kisha mkono ukamshika mkanda wa shanta begani, ukamwinua, ukamburuta mpaka ng'ambo.

Walisimama ukingoni wakihema.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi."

Wifi akageuka akaendelea na njia. Mama Hamira alizungushia vitambaa vilivyobaki mguu usio na kitu, akapanda kilima cha mwisho nyuma yake, na safari hii hakusema kwamba ni kifupi.

Mtunza kibanda cha tatu alikuwa mtu mzima mwenye masharubu na maneno machache. Aliwaona mlangoni wakichuruzika, akawaondolea mashanta, akawasha taa, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Mama Hamira aliketi kwenye benchi, akafungua vitambaa, akatumbukiza miguu. Maji yalibadilika rangi. Mtunza kibanda alichuchumaa akaitazama.

"Mama, hii miguu imetoka vitani."

"Ni ngozi ya juu tu. Itapona."

"Itapona, ndiyo, lakini si leo." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ni lazima niwaulize, maana nampigia dereva simu sasa hivi. Kesho anapandisha vyakula, na akishuka hubeba magunia ya viazi. Nikimwambia aache magunia mawili, mnapata nafasi ya kushuka naye. Mnashuka au mnapita?"

Wifi alikuwa karibu na mlango, akikamua soksi.

"Usiniulize mimi," alisema bila kuinua uso. "Mimi kwenye safari hii huwa natangaziwa."

Mama Hamira akafungua mdomo, na kilichotaka kutoka kwanza kilikuwa kile cha mazoea: tunapita. Akakimeza. Hoja zilikuwa tele. Angeweza kusema wameshatembea sehemu ngumu, ingawa hakujua. Angeweza kusema mvua inakatika kesho. Na alikuwa na moja ambayo isingekosea kamwe: angemkumbusha wifi jinsi kaka yake atakavyocheka akiliona lile gari, na wifi angesimama pale pale kwa hasira na kwenda hadi ziwani. Aliijua hoja hiyo ilivyo kali. Ilikuwa ulimini kabisa. Akaiacha.

Wanaosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawajawahi kusema jinsi mgongo unavyouma kwa asiyezoea.

"Wifi," alisema. "Mimi nataka kufika. Nimetaka tangu nikiwa msichana wa kubeba trei, na sijamwambia mtu, hata kaka yako. Peke yangu hawaniruhusu. Na hata wangeniruhusu, leo nisingevuka kile kijito. Ukitaka kushuka, tutashuka, na sitanuna, wala nyumbani sitalisema. Lakini nakuomba. Twende wote."

Wifi aliendelea kuikamua soksi, ingawa haikuwa na tone tena.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Sikio hili limeingia maji."

"Nakuomba, wifi."

Mtunza kibanda akapata shughuli ya ghafla ya kupanga kuni. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, na Mama Hamira, ambaye siku zote alijua, hakujua. Alikaa na miguu yake ndani ya beseni, akangoja jibu la mtu mwingine, na aliona jinsi kungoja kunavyokuwa kurefu.

Wifi alitundika soksi kwenye kamba iliyo mbali na jiko, moja, halafu ya pili. Akaja akainama juu ya beseni, akaitazama ile miguu, akasonya.

"Huyu hatembei kesho," alimwambia mtunza kibanda. "Wala kesho kutwa. Tutakaa hapa mpaka vidonda vifunge. Mpigie huyo dereva, mwambie apakie magunia yake yote, nafasi ya watu haihitajiki. Ila kabla hajatoka mjini apite kwa muuza viatu, aniletee jozi moja, ya kushonwa, si ya gundi."

"Namba ngapi?" mtunza kibanda aliuliza, simu tayari mkononi.

Mama Hamira alikuwa anaijua namba. Alifunga mdomo, akamtazama wifi yake, akamwacha aseme mwenyewe.